Siku ya Nane

Pesa zimo kabatini, ndani ya bahasha ya kaki,
na sina ruhusa ya kununulia hata chumvi.
Yule binti aliandika kwa mkono wake,
juu kidogo ya muhuri wa mtaa, kwa wino wa kijani:
Mnunuzi ana siku saba za kupoa.
Akighairi, arudishiwe chake chote, bila swali.
Mwenyekiti akakuna kidevu.
Dalali Mchopa akacheka: "Kwani nyumba ni uji?"
Binti hakucheka. Ni nesi wa Ligula,
amezoea kungoja homa ishuke ndipo aseme neno.

Siku ya kwanza alikuja na fundi.
Fundi akagongagonga kuta, akatega sikio
kama mtu anayechagua nazi.
Nami nimekaa barazani namenya ming'oko, nimenuna.
Mimi, Somoe Nalinga,
kugongwa mbavu na kijana wa Chikongola!

Ya pili alikuja saa nne usiku, peke yake,
akasimama tu uani.
"Unasikiliza nini?"
"Majirani, mama."
Nao majirani, walivyo na husuda ya kuzaliwa nayo,
usiku huo wakawa kimya kama wamelipwa.
Ya tatu, mvua: akapita chumba hadi chumba
shingo juu, anasoma dari.
Ya nne alimleta mama yake,
ambaye alitazama choo, akarudi kwenye bajaji.

Sisi nyumba hii tuliinunua
kati ya adhuhuri na alasiri.
Ndiyo miaka ile ya gesi, mji mzima una homa,
kila kichaka cha Mtwara kinatajwa kwa mamilioni.
Fakihi wangu aliambiwa kuna mtu mwingine anaitaka
(mtu huyo hatujamwona hadi leo),
akahesabu korosho za misimu miwili,
na za msimu wa tatu ambao haujachanua,
akatia saini amesimama, pikipiki inaunguruma nje.
Jioni tukafungua bomba. Likakohoa, likatema mende.
"Yatatoka tu," akasema.
Yalitoka mwaka wa pili.
Deni lilichukua miaka kumi na mmoja.
Yeye hakuufikia wa tisa.

Siku saba angetupa nani?
Hata nusu saa, ya kunywa maji na kuulizana.

Siku ya tano nikachoka kununa.
Nikamshika mkono hadi chumba cha nyuma, nikasogeza kabati.
"Hapa, mvua ikija na upepo, panalia.
Rangi hii ni ya mwezi jana. Dalali alisema nipake."
Akatazama ukuta. Akanitazama mimi.
Akaandika kitu katika daftari, akaondoka hata kuaga hakuaga vizuri.

Ya sita hakuja.
Usiku ule nilihesabu bahasha mara tatu
kama mwizi wa mali yangu mwenyewe.

Ya saba, jua linashuka, hodi.
"Nimepoa, mama. Naitaka. Ila punguza bei ya bati nne."
Nikapunguza. Halafu, sijui ulimi ulikuwa wa nani,
nikasikia nasema:
"Na mimi je? Muuzaji yeye hashikwi na homa?"

Alinyamaza muda mrefu,
kama anayengoja kipimajoto kwapani mwa mtu.
Kisha akatoa mkataba, na kalamu ile ile,
akaandika pembeni, herufi zikipanda ukingo wa karatasi:
Siku ya nane ni ya Bi Somoe.

Leo ndiyo yenyewe.
Nimefagia uwanja ambao kesho sitaukanyaga,
au nitaukanyaga.
Nimefungua bomba, ndoo ikajaa, ikafurika, nikaiangalia tu.
Ufunguo juu ya bahasha, bahasha juu ya ufunguo,
nimevipindua tangu asubuhi.
Mchopa kapita mara mbili, eti anatafuta mbuzi.

Saa saba na nusu. Adhuhuri imepita, alasiri bado.
Nimekaa hapo katikati,
nakunywa maji polepole,
najiuliza.